Joto Nililowasha Kanisani

Shule yangu iliishia darasa la sita, na kazi yangu ni kutunza funguo za kanisa la kijiji chetu. Nawaandikia kina mama wenzangu wenye hofu kama yangu, msije mkafanya nilichofanya.

Binti yangu Veerle ana kifua kibovu tangu utotoni. Januari ile, kwenye baridi kali ya huku kwetu, alikuja kanisani kurekodi na mwalimu wake, Mzee Omer, mpiga luti wa miaka themanini na mmoja. Luti ni ndugu wa gitaa, ina tumbo la mviringo, na nyuzi zake ni za utumbo wa kondoo. Walirekodi nyimbo za Joos Cabeliau, mtunzi aliyekufa miaka mia nne iliyopita, akasahauliwa hata hapa alipozaliwa. Kumi na moja zilikwisha. Ulibaki wa kumi na mbili, ambao mwisho wake panya waliula kwenye karatasi. Mzee Omer aliutafuta mwisho huo miaka thelathini, akaupata. Ulikuwa vidoleni mwake tu.

"Mbona huuandiki?" nilimuuliza.

"Nikiuandika leo, kesho nitaufuta, Godelieve. Acha kwanza niusikie kwenye mashine. Halafu Veerle atanakili."

Mabomba ya kupasha kanisa joto yalikuwa yamezimwa, maana yakipata moto hugonga kama mtu aliyefungiwa nje, na mashine ingenasa kelele. Fundi wa sauti, mtu wa Liège kwa wasemao Kifaransa, akanitania: "Mama, ukikaa humu, hata tumbo lisingurume!"

"Likinguruma litanguruma Kiflandri, lugha yetu, wewe utaelewa nini?"

Tulicheka. Kisha Veerle akakohoa. Mara mbili.

Walipokwenda kwangu kunywa kahawa, nikajifanya nimesahau kitambaa, nikarudi kanisani, nikawasha joto. Kidogo tu, nikasema. Kabla hawajarudi nikazima, mabomba yakanyamaza, nikajiona mjanja. Luti niliiona pale kitini, karibu na bomba la joto. Niliiona, wala sikufikiri kitu.

Mzee akaanza. Jamani, wimbo ule! Alipokaribia tu palipoliwa na panya, uzi wa juu ukakatika, pa! Akafunga mwingine. Nyingine nazo sauti zikawa zinapanda, hazitulii. Alizikaza na kuzilegeza saa nzima, mpaka vidole vikamchoka.

"Humu kuna joto, nyuzi zimekauka," alisema, akigusa ubao wa luti. "Nani kawasha?"

Fundi akaapa si yeye. Mimi nikainama nikifuta benchi lililokuwa safi.

"Basi, tutamalizia Jumatano," akasema Mzee.

Jumanne kiharusi kilimpiga, kikachukua mkono na ulimi. Veerle alikaa naye wiki nyingi, akimpigia miisho mbalimbali, na Mzee akitikisa kichwa: sio, sio. Tulimzika kabla ya Pasaka.

Santuri ilipotoka, wimbo wa kumi na mbili unakoma ghafla, pale panya walipoanzia. Veerle aliuweka vilevile. Tuliusikiliza pamoja jikoni kwangu, na ulipokatika nikashindwa kuvumilia.

"Ni mimi niliyewasha. Ulikuwa unakohoa."

Akainuka, akazima mashine.

"Ungeniuliza tu, Mama," akasema. "Nilikuwa na sweta nyingine garini."