Kisu Kilichojitolea

Nikodemo alikuwa na haja moja tu duniani: mfuko mmoja wa saruji, ajengee kaburi la mkewe Dorkasi kabla mvua hazijalishusha bondeni. Mwaka wa pili huu mwenyekiti wa kijiji, Benedikto, anamwambia asubiri. Saruji hakuna, sukari hakuna. Pale kijijini Mtae mikutano tu ndiyo haikuadimika.

Na mikutano hiyo ndiyo iliyomponza Nikodemo. Benedikto alichoka kuhesabu mikono iliyonyooshwa nusunusu, akaweka utaratibu: anayelitaka jambo agonge benchi, na wa kwanza kugonga ndiye anayeandikwa. Sasa, Nikodemo alikuwa na kisu cha kukunja alichonunuliwa na Dorkasi. Mpini wake wa pembe ulikuwa mnene, una nundu kama fahali. Mfukoni kilijibenua, na kila mwenyewe akijigeuza, kikagonga benchi: ko!

"Nani atachimba choo cha darasa la kisomo?"

Ko!

"Nikodemo. Ahsante, ndugu."

"Mimi? Nilikuwa najikuna!"

"Nimeshaandika."

Juma lililofuata, ko! ikampa kubeba mawe ya barabara. Mgongo ulipomgomea, akaketi uani na tupa na kipande cha msasa. Akaiparuza ile nundu, akalainisha kingo, mpaka mpini ukawa mwembamba kama ulimi wa mbuzi, akaupaka mafuta ya nyonyo. Akakitumbukiza kisu mfukoni. Akakaa, akainuka, akakaa tena. Kimya.

"Sasa wajitolee wao," akasema.

Alichosahau ni kwamba mfuko ule wa suruali ulikuwa na tundu. Zamani Dorkasi ndiye aliyekuwa akimshonea. Tangu afariki, tundu lilikuwa likizibwa na nundu ya mpini.

Mkutano uliofuata Benedikto alisoma karatasi yake bila kuinua macho. "Wananchi, imekuja saruji. Mfuko mmoja."

Watu wote wakakaa wima. Fanueli, jirani yake Nikodemo, akakunja ngumi tayari.

"Wewe Fanueli, saruji ya nini?" Nikodemo akanong'ona.

"Banda la nguruwe, mgosi wangu."

"Nguruwe alale kwenye saruji, mke wangu kwenye tope?"

"Nguruwe wangu angalau anakohoa."

"Anayeihitaji," akasema Benedikto, "agonge!"

Kwa mazoea Nikodemo akajigeuza kwa nguvu zote. Kimya. Ama viongozi hawa! Wamengoja mtu amalize kuparuza mpini ndipo walete saruji! Akaruka kusimama kwa hasira. Kisu kikapenya tunduni, kikateleza pajani, kikashuka ndani ya suruali, kikaugonga mguu wa benchi: ko!

Ngumi ya Fanueli ilikuwa bado hewani.

"Nikodemo," Benedikto akaandika, "kama kawaida yake."

Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika wenyewe.

Kaburi lilisakafiwa Jumamosi. Nusu ya ule mfuko ilikuwa imeganda mawe, na Nikodemo alijua ni kosa la nani. Sakafu ikiwa bado mbichi, akafungua kisu, akachora kwa ncha yake: DORKASI. Mpini mwembamba ukamteleza mkononi, herufi ya mwisho ikapinda kama mkia wa nguruwe.

"Usinitazame hivyo, mke wangu," akaliambia kaburi. "Mpini ulikuwa mzuri tu ulivyoununua. Ni wao hao na mikutano yao."