Kifuniko cha Maua

Waliponitoa kizazi chenye kansa, nilirudi wodini na mpira wa mkojo, na mwisho wa mpira mfuko wa plastiki unaning'inia ubavuni mwa kitanda, kila apitaye anauona. Jamani, mimi fundi cherehani, niliyewasitiri watu miaka nenda rudi, leo mkojo wangu uwe maonyesho? Na jioni ile mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuwa anakuja kunijulia hali. Mtu mwenyewe ana haya, hajawahi kunitazama usoni. Akiniamkia, anaiamkia sakafu.

Nikamwagiza binti yangu, ambaye ufundi nimemfundisha mwenyewe, anishonee kifuniko. Akaja na kifuko cha kitambaa cha maua, kina pindo na kamba za kufunga. Kazi safi. Hata nesi wa mchana alikisifia, akasahau kuchungulia ndani.

Basi tukakaa tunajisifu, kumbe ndani ya maua yale hamna kitu. Nesi wa zamu iliyofuata, mama asiye na mzaha, alifungua kamba, akauliza mfuko umekuwa mkavu tangu lini. Nani ajue? Daktari akaitwa, damu ikapimwa, figo zimegoma. Akanieleza taratibu kwamba huenda zimelemewa kwa damu niliyopoteza kwenye upasuaji, na kwamba mara nyingi huamka zenyewe zikisaidiwa. Zisipoamka, nitaishi kwa kutegemea mashine ya kusafisha damu. Nililia. Kansa nilikuwa nimejiandaa nayo, figo hazikuwamo kwenye mipango yangu. Nesi akakitupia kifuniko changu kwenye droo, akasema mfuko huu sasa utakaa uchi, nipende nisipende.

Nikaunganishwa na mashine. Binti yangu akasema inalia kama cherehani iliyokosa mafuta. Nikacheka, kidonda kikauma, nikamtukana. Ikawa kila asubuhi wodi nzima inautazama mfuko kwanza, ndipo wananiamkia mimi. Mkavu. Jirani yangu wa kitandani alipoomba dua, aliuombea mfuko, mimi akanisahau. Mchana nilikuwa nawachekesha wote, lakini wakigeuka tu naogopa mpaka meno yanagongana.

Siku moja binti alitoka kunifuatia uji, akabaki mkwe kitini, ameinamia sakafu yake kama kawaida. Sasa mfuko nao ulikuwa huko huko chini. Nikaona shingo yake inakakamaa.

"Mama," akasema. Jasho likamtoka.

Nikamuuliza kuna nini, maana nilidhani anaumwa.

"Mama, samahani sana. Umekojoa."

Akainua uso akanitazama, mara ya kwanza tangu aoe kwangu, na macho yake yamejaa machozi. Nilicheka huku nalia, kidonda kiume kitakavyo. Ulikuwa mkojo kidogo tu, lakini nesi asiye na mzaha alikuja mbio, akauinua mfuko kwenye mwanga, akatabasamu. Daktari naye akaja, akasema figo zimeanza kuamka.

Baadaye nesi akafungua droo, akaniuliza kama sasa nakitaka kifuniko changu. Nikamwambia akichukue yeye, awekee simu. Mfuko wangu uachwe wazi. Jioni wageni wanakuja, na mimi nina cha kuwaonyesha.