Udongo Laini

Wiki nzima watu walimpongeza Zoeb mpaka pongezi zikamkinaisha. Alikuwa ameishusha ndege ndogo iliyozimika injini juu ya Goba, na abiria wake watatu wakatoka kwa miguu yao wenyewe, mmoja akiulizia begi lake. Binadamu ana vituko; ameponea chupuchupu, roho bado haijamrudi vizuri, yeye anaulizia begi. Video ilizunguka kwenye simu za mji mzima. Mkewe, Farheen, alipika biriani ya shukrani, masinia yakaenda msikitini na kwa majirani, na kila aliyekula alimwombea dua rubani. Rubani mwenyewe hakula. Alikuwa ametua makaburini, na hilo watu walilisimulia kwa kucheka, kwamba marehemu wamempokea wakamrudisha.

Injini yenyewe haikuwa kuukuu. Ingekuwa kuukuu angalau angepata cha kulaumu. Ilikuwa imetoka kufumuliwa na kuundwa upya, na marubani hutaniana kwamba injini ya kuogopa ni ile iliyotoka kwa fundi jana, maana ya zamani imeshakuonyesha tabia zake. Asubuhi ile Zoeb aliikagua kama kawaida, akaisikiliza, ikanguruma vizuri tu. Walipokuwa wakirudi kutoka Saadani, mshale wa presha ya oili ukaanza kushuka. Kitu kikagonga ndani, kizito, mara moja, na pangaboi la ndege likasimama wima mbele ya macho yake. Ukabaki mlio wa upepo na mwanamke mmoja nyuma akitaja jina la Yesu.

Rubani wa injini moja hupita angani akichagua pa kuangukia. Ndivyo wanavyofundishwa, na anayesahau hujuta. Zoeb alipoanza kazi, Goba ilikuwa mihogo na mikorosho, mtu ungeweza kuchagua hata shamba la kukupendeza. Siku hizi ni mabati, kuta na mageti, kila nyumba na tenki lake la maji juu. Uwanja wa mpira aliouzoea aliuona, lakini ulikuwa umejaa watoto. Pembeni ya kilima palikuwa na makaburi ya mtaa, na ndani yake kipande kirefu cha wazi ambacho bado hakijazikwa mtu. Akaenda huko.

Magurudumu yalipogusa chini, breki hazikutosha. Mbele yake kulikuwa na makaburi ya zege na vigae, imara kuliko nyumba za watu wengine. Ukigonga zege ndege inapinduka, na mafuta yaliyobaki yanawaka. Kushoto kulikuwa na udongo, matuta mapya yenye misalaba ya mbao. Zoeb alikanyaga pedeli ya kushoto, ndege ikakatiza juu ya matuta. Aliyaona matuta yale kuwa ni mafupi, na alijua ufupi ule maana yake nini. Hilo hakumwambia mtu, hata Farheen.

Mwisho wa wiki ile mwenyekiti wa mtaa, Mzee Revelian, alimpigia simu. Kuna mama amefika makaburini kila siku tangu ndege iondolewe, alisema, na anamtaka rubani.

Revelian alimngojea langoni mwa makaburi, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Sikia, kabla hujamfikia." Akamvuta pembeni. "Msalaba wa mwanae upo, tumeuokota. Shida ni pa kuuchomeka. Watu walivyokimbilia ndege walikanyaga matuta, halafu winchi lilivyokuja kuivuta likasawazisha kila kitu. Wazazi wenzie wamekubali tuwaonyeshe popote. Huyu anasema hataki kuonyeshwa na mtu ambaye hakuona. Wewe uliona. Chagua sehemu, sema ni hapa, mama apate pa kulilia, yaishe."

Alisema kwa nia njema. Revelian alikuwa amezika watu wengi katika mtaa ule, na alijua uongo mdogo unavyoweza kumlaza mfiwa usingizi.

Mama mwenyewe, Atuganile, alikuwa amekaa chini, msalaba mweupe magotini. Alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Tukuyu, makazi yake Kimara. Mbele yake ardhi ilikuwa tambarare, alama za matairi ya winchi zimekatiza huku na huku. Juu ya msalaba liliandikwa jina la Isack kwa rangi nyeusi, na miaka sita aliyoishi.

"Pole sana, Mama Isack."

"Asante, kaka. Ndiye wewe uliyekuwa unaendesha?"

"Ndiye mie."

"Nilikuwaga naweka alama kwa mpapai. Nao wameung'oa." Sauti yake ilikuwa ya kuchoka, haina ugomvi. "Basi nionyeshe mwanangu yuko wapi."

Zoeb alitazama ule udongo. Mahali pa kusema palikuwepo, pazuri tu, karibu na uzio, na kidole kilishaanza kunyanyuka. Nani angejua? Mama angechomeka msalaba, angelia, angekwenda nyumbani, na yeye angerudi kula chakula chake. Lakini kila Alhamisi Zoeb alisimama kwenye kaburi la baba yake, na alijua kichwa kiko upande gani na miguu iko upande gani. Alijiuliza angefanyaje kama angegundua kwamba miaka yote amekuwa akimsomea Fatiha mtu mwingine. Akaingiwa na hofu kuliko ile ya angani, na mkono ukashuka.

"Sijui," alisema.

Revelian alikohoa.

"Msalaba niliuona, Mama Isack. Lakini ndege ilikuwa inakimbia, sikumbuki ulikuwa wapi. Nikikuonyesha sehemu nitakuwa nakudanganya, utakuwa unamlilia mtoto wa mwenzio." "Halafu kuna lingine. Ndege haikuteleza kuja huku. Niligeuza mwenyewe. Kule kuna zege, huku udongo laini. Niliona kabisa kwamba ni makaburi ya watoto, na nikageuza hivyohivyo."

Atuganile alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya khanga, na wanaume wale wawili walisimama wasijue mikono yao waiweke wapi.

"Mlikuwa wangapi ndani?" aliuliza baadaye.

"Wanne, pamoja na mie."

"Na uwanjani kulikuwa na watoto?"

"Walikuwa wengi."

Alitikisa kichwa polepole. "Ningekuwa ndani, mie mwenyewe ningekupigia kelele ugeuze. Najua. Lakini sikuwa ndani, kaka. Mie nilikuwa darasani nafundisha watoto wa watu, na wangu alikuwa hapa chini."

"Mwalimu," Revelian alianza, "tukubaliane tu sehemu..."

"Hapana, mzee." Alisimama, msalaba kifuani. "Na wale wenzangu usiwaonyeshe popote. Tutainua tuta moja, kuanzia pale kwenye uzio mpaka hapa niliposimama. Misalaba yote isimame juu yake. Mama yeyote akija, popote atakapopiga goti, wa kwake yumo."

Revelian alivaa kofia yake, akaivua tena.

Zoeb aliomba msamaha, maneno yakimtoka vibaya, moja likigongana na jingine. Atuganile alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikilizwa mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Sijakusamehe," alisema. "Wewe hujanidanganya, na mie nisikudanganye. Ila kesho njoo na jembe, tuta lenyewe ni refu."