Mwonjaji wa Chicha na Mgonjwa Namba Moja

Delfina Camacho alikuwa na miaka kumi na tisa, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka asubuhi. Si baridi, ingawa bonde letu la Cochabamba, huku Bolivia, nalo lina baridi yake, hiyo tuiache. Ilitetemeka mpaka apate kata ya kwanza ya chicha, pombe yetu ya mahindi, ndipo itulie. Juzi iliachia sufuria ya uji wa mahindi unaochemka, nusura imwunguze nyanya yake miguu. Tangu siku hiyo akawa anaiogopa mikono yake mwenyewe.

Kwa nyanya yake huyo, Bi Saturnina, pale penye bendera nyeupe mlangoni, alama ya kwamba chicha inauzwa, kazi ya Delfina ilikuwa kuonja. Mtungi huu umeiva? Ule umechachuka? Mitungi kumi na minne, asubuhi, mchana na jioni. Na mnajua wenyewe, mwonja asali haonji mara moja, sembuse chicha. Ila kule kuonja ni kazi ya wanawake, kama kupepeta. Kunywa ni kwa wanaume, wanaokaa uani wakaimba mpaka waanguke. Kusema Delfina anakunywa ni kama kusema mpishi kashiba kwa kuonja chumvi.

Basi akaja Daktari Ovidio Terrazas, na utafiti wake wa kuwatibu vijana waache pombe. Akapewa chumba zahanati, akaandikisha vijana arobaini, wote wanaume, akafurahi sana. Delfina naye akaenda. Nesi Encarna, mwanamke wa palepale mtaani, akamsomea fomu. Umeshapigana ukiwa umelewa? Hapana. Umeshalala mtaroni? Hapana, analala juu ya magunia ya mahindi. Umeshaangusha pikipiki? Hana pikipiki. Mkeo analalamika? Hana mke. Daktari akajumlisha, ikatoka sifuri. Akampongeza kwamba hakuna kijana mwenye afya kama yeye bonde zima. Delfina akaenda zake, mikono kaificha ndani ya shali.

Wiki ileile ikaja barua kutoka kwa wakubwa wa utafiti. Wanawake wako wapi? Dawa iliyomfaa mwanamume huenda isimfae mwanamke, mwili mwingine, maisha mengine. Asipopatikana hata mmoja kufikia Ijumaa, utafiti unafungwa.

Daktari akamuuliza Encarna. Encarna akawaza, akasema mwanamke anayekunywa kila siku, hadharani, mbele ya wanaume wote, yuko mmoja tu: Pachamama, Mama Ardhi. Nani anagusa kata kabla ya kumwagia yeye kwanza? Daktari naye ni mtoto wa bonde hilihili, akaona hapo hakuna uongo. Wakaandika. Jinsi, mwanamke. Kwenye umri wakabishana, wakakubaliana kumi na minane, kwa kuwa hazeeki. Wakampa namba moja upande wa wanawake. Ikawa kila asubuhi wanamfukia kidonge chake nyuma ya zahanati, wanamjulia hali, wanaandika: kimya, anaendelea vizuri.

Delfina aliposikia hakucheka. Alirudi Alhamisi, akaketi mbele ya meza ya daktari.

"Daktari, huyo mwenzangu wa namba moja anakunywa kiasi gani?"

"Matone tu, dada. Matone ya kila kata."

"Kapigana na nani?"

"Hajapigana."

"Analala wapi?"

"Si hapohapo alipo," akasema Encarna.

"Sasa mimi na yeye tofauti yetu nini? Yeye matone ya kila kata, mimi matone ya kila mtungi. Tena mimi natetemeka."

"Na yeye alitetemeka mwaka juzi," Encarna akasema. "Ufa wake ule pale ukutani."

Delfina akaitoa mikono kwenye shali, akaiweka juu ya meza. Kalamu za daktari zikaanza kugongana ndani ya kopo.

Daktari akalisogeza kopo kando. Akachukua fomu, akafuta habari ya mke na pikipiki, akaandika kwa mkono: unaonja mara ngapi? Delfina akahesabu, ukurasa ukajaa. Haba na haba hiyo. Encarna, aliyekuwa akionja kwa mama yake kila Jumapili, akateremsha mikono yake chini ya meza taratibu.

Delfina akawa namba mbili. Daktari akataka sasa kumtoa namba moja, Encarna akakataa katakata: mgonjwa hafukuzwi katikati ya matibabu.

Kesho yake asubuhi Bi Saturnina akampa kata kama kawaida. Delfina akaiinamisha kumwagia Ardhi kwanza, akasita.

"Nini tena, mjukuu wangu?"

"Nyanya, huyu naye yuko kwenye dawa. Nitamharibia."

Na kwa kuwa hakuna anayeonja kabla ya Ardhi, akairudisha kata kwa nyanya yake, imejaa vilevile. Bi Saturnina akaguna, akamwagia Ardhi tone lake, akaonja mwenyewe, akasema bado haijaiva. Mikono ya Delfina ilitetemeka sana asubuhi ile. Hakuificha.