Picha Sita za Shaushi

Shaushi alikufa Jumanne baada ya alasiri, akiwa amelala juu ya furushi la kaniki, na Sikudhani akakatazwa kulia.

Aliyemkataza ni mumewe, Fundi Halfani, mshona nguo wa Kondoa, ambaye kibaraza chake kilitazamana na njia ya kwenda boma la Wadachi. Si kwamba alikuwa katili. Binti yao wa pekee, Mwantum, alikuwa ameolewa Dodoma na Mustapha, mpakua mizigo wa stesheni ya reli mpya, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi minane. Mwenye mimba ya kwanza hapelekewi habari ya kifo. Hilo halikuwa jambo la kubishana.

Na mtu asije akasema paka si kifo. Mwantum ndiye aliyemwokota Shaushi kwenye majani ya mto, macho hayajafumbuka vizuri, akamlea kwa maziwa ya mbuzi mpaka akaota masharubu makubwa yaliyomfanya afanane na shaushi, sajini wa askari pale boma. Jina likaja lenyewe. Wale wawili walikua pamoja, wakila pamoja na kuchapwa pamoja.

"Ukilia, Mwamvua hapo jirani atasikia," Halfani alisema. "Mwamvua akisikia, wauza samli watasikia, na wauza samli wakifika Dodoma wanapita wapi? Stesheni."

"Wewe umefurahi," Sikudhani akamwambia. "Miaka yote unamwita mharibu vitambaa."

Halfani alichukua jembe. Alimzika paka nyuma ya nyumba, akarudi kwenye cherehani yake, akashona mkono wa kanzu kinyumenyume.

Siku tisa baadaye likaja balaa la pili, nalo lilikuja na bashasha. Fundi Bartolomayo, mpiga picha aliyejifunza kazi hiyo kwa mapadri wa Bagamoyo, alipita Kondoa kila mwaka baada ya mavuno, na siku hiyo alikuwa amewasili. Halfani humshonea nguo, naye huwapiga picha. Ndiyo mapatano yao. Tangu Mwantum aolewe, picha ya mwaka ilikwenda kwake Dodoma. Kusoma hakujua, lakini picha aliisoma mpaka pembeni. Picha isiyo na Shaushi ingekuwa sawa na kumpelekea sanda.

Usiku huo Sikudhani alifungua kasha, akatoa nakala walizojiwekea na kuzitandaza mkekani.

Ya kwanza, Mwantum mdogo amesimama wima, mikono ubavuni, na miguuni pake kuna moshi. Huo moshi ndio Shaushi. Kamera ya Bartolomayo ilikuwa kuukuu; ilibidi watu watulie kama waliokufa mpaka ahesabu tano, na Shaushi hakuwahi kufika mbili.

Ya pili, Shaushi ana vichwa viwili vya ukungu. Picha ile ilizua kelele mtaani. Mwamvua alikataa kupita mbele ya nyumba kwa wiki nzima, ikabidi mwalimu wa madrasa aje amtazame paka. Akamkagua, akakuta kichwa ni kimoja, akanywa kahawa, akaenda zake.

Ya tatu, Shaushi hayumo, ila Halfani ameachama, maana paka alikuwa amemwingia Bartolomayo ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, na Halfani alikuwa akimfokea. Sikudhani akaanza kucheka. Ya nne ni ya harusi. Bibi harusi ameinamisha uso, na kifuani mwa Mustapha umepita mstari mweupe kutoka bega hadi kiuno, kana kwamba bwana harusi amevishwa mshipi wa uliwali. Kumbe ni Shaushi akiruka.

"Mustapha alidhani ni heshima," sauti ikasema nyuma yake. Halfani alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, naye anacheka. Akaketi. Ya tano na ya sita walizitazama pamoja, wakitafuta moshi ulipo, na kila mmoja akishikilia kwamba aliuona kwanza.

Kisha Halfani akafuta machozi, akasema ni ya kicheko. "Tumwazime paka."

Swaumu, muuza mtama wa ng'ambo ya mto, alikuwa na paka mweupe. Wakamwomba kwa kisingizio kwamba panya wamezidi, na asubuhi Sikudhani akachanganya masizi na mafuta ya nyonyo, akamchora baka jeusi juu ya jicho la kushoto, pale pale lilipokuwa la Shaushi. Paka wa Swaumu alikuwa mnene na mtu wa amani. Alipakwa akiwa anasinzia, akawekwa mapajani mwa Sikudhani, akatulia.

"Leo Shaushi ana adabu," Bartolomayo akasema chini ya kitambaa.

"Uzee," akajibu Halfani bila kutikisa mdomo.

Picha ilitoka nzuri kupita zote. Masharubu yalihesabika moja moja. Bartolomayo aliichukua kwenda Dodoma, na wazee wale wakabaki wakijisifu kwa ujanja wao. Hata hivyo Sikudhani alikuwa akienda mtoni peke yake kila alipobanwa na machozi, akanawa uso, akarudi.

Miezi miwili ikapita ndipo barua ikafika, imeandikwa na Mustapha kwa maneno ya mkewe. Halfani aliifungua kibarazani, akasoma kwa sauti:

"Baba na Mama, shikamooni. Nimejifungua salama mtoto wa kike, ana afya na ana sauti. Pili, poleni na msiba wa Shaushi. Nilijua pale pale Fundi Bartolomayo alipoifunua picha. Paka yule nimemwona uso wote, na Shaushi wetu hakuna picha iliyowahi kumpata uso. Nililia siku mbili, nikamwambia Mustapha ni maumivu ya mgongo. Sikuleta neno, maana niliona mlivyotaabika kunificha, nikasema na mimi niwafiche kwamba najua, msije mkapata hofu kwa ajili yangu. Sasa lieni, wazazi wangu. Mimi nimekwisha kulia."

Halfani aliikunja barua mara nne. Mbele ya kibaraza Mwamvua alikuwa anapita na mtungi, akasimama kusikiliza.

"Alhamdulillahi, mama na mtoto wazima," Sikudhani akasema. Akavuta pumzi. "Basi, Baba Mwantum, sasa nina ruhusa?"

"Lia, mke wangu. Lia utakavyo."

Lakini yeye ndiye aliyeanza, pale pale juu ya cherehani, kwa sauti, mzee mzima na tepe ya kupimia shingoni, akimtaja mharibu vitambaa wake kwa jina. Na Sikudhani ikambidi aahirishe kilio chake ili ambembeleze.