Wapelelezi Waliongoja Kuchaguliwa

Shida ilikuwa hii: kila riwaya ya upelelezi iliyofunguliwa kwenye karakana ya Fundi Twahiru ilimtoa mpelelezi wake nje, na akishatoka hakurudi tena kitabuni. Kufikia Novemba 1978 walikuwa watatu. Walikaa kwenye benchi kichochoroni, migongo ukutani, wakingoja kazi.

Karakana ilikuwa Biryogo, mtaa wa Kigali, karibu na msikiti, na ilikuwa na cherehani sita na meza moja ya kukatia. Baada ya sala ya alasiri cherehani zilinyamaza, kwa sababu saa ile ilikuwa ya kazi ya mkono: mapindo, matundu ya vifungo, kupiga bandi. Kazi ya mkono haina kelele. Basi mtu mmoja alisoma kwa sauti na wengine walishona. Ilikuwa hivyo tangu enzi za baba yake Twahiru, na kitabu kilichopendwa kilikuwa kile chenye mwizi au maiti. Wateja waliofuata nguo zao walikaa kusikiliza. Wengine walikuja bila nguo.

Kitabu kilichaguliwa kwa vifungo. Msomaji alisoma ukurasa wa kwanza, mkebe ukazungushwa, kila fundi akatia kifungo chake: cheupe kukubali, cheusi kukataa. Msomaji hakuwa na kifungo.

Msomaji alikuwa Swafiya. Alikuwa amefika darasa la sita, na hakuna aliyemzidi mle ndani. Mumewe, Niyonzima, alikuwa mpiga pasi wa karakana. Tangu Oktoba alikuwa gerezani kwa wizi wa majora matatu ya kaki. Hakuyaiba, na kila aliyeshona pale alijua.

Mafundi wa Biryogo wana kitu wanachokiita haki ya mkasi. Mteja akileta kitambaa, kinachobaki baada ya kukata ni cha karakana. Kwa kawaida hubaki vipande vya kutosha mfuko au kofia ya mtoto. Mwezi wa Agosti shule moja ya Gikondo ilileta kaki ya sare, majora kwa majora, na Idi ilikuwa karibu. Twahiru alikata mwenyewe. Alikata bila kuacha nafasi ya mshono, ukingo kwa ukingo, na haki ya mkasi ikawa majora matatu mazima. Aliwagawia wote. Kila mtu alijishonea suruali ya Idi, na Mukandayisenga, mama mtu mzima aliyetoboa matundu ya vifungo, alijishonea sketi. Niyonzima naye alipewa kipande chake, akashukuru.

Shule zilipofunguliwa, watoto walikaa chini na sare zikapasuka. Mkuu wa shule alikuja na futi, akapima. Twahiru alisema kitambaa kiliibwa, ndiyo maana alilazimika kubana. Aliulizwa nani alilala karakanani. Niyonzima ndiye aliyelala pale, kwa sababu ya kuwasha mkaa wa pasi mapema. Munyaneza, fundi wa suruali, alisema ufunguo pia ulikuwa kwa Niyonzima. Wengine waliinamia kazi zao. Polisi walikwenda nyumbani kwa Niyonzima wakakuta suruali ya kaki. Ushahidi ulikuwa huo.

Wiki ile ile wenzake walizichovya suruali zao kwenye rangi nyeusi. Rangi haikushika vizuri kwenye mishono.

Mpelelezi wa kwanza alitoka kwenye kitabu ambacho dereva wa lori alikileta kutoka Nairobi. Swafiya alikuwa katikati ya ukurasa wa kwanza. Mpelelezi alikuwa mrefu, amevaa koti la mvua ingawa jua liliwaka. Alisalimu, akamtazama Munyaneza magotini, akainama kuutazama mshono wa pembeni.

"Koti hii nani alikushonea?" Munyaneza alimwuliza. "Bega moja inaenda Gikondo, ingine inabaki Nyamirambo."

"Simama kidogo," mpelelezi alisema.

"Bado hujachaguliwa, muzee," Twahiru alisema. "Ngoja inje."

Mkebe ulizungushwa, vifungo vikawa vyeusi vyote. Mpelelezi alitoka akakaa kwenye benchi. Asiyechaguliwa hana ruhusa ya kuuliza swali, na wapelelezi waliiheshimu sheria hiyo kuliko watu wa kawaida wanavyoziheshimu zao.

Wa pili alikuwa mwanamke mwenye mkoba na miwani. Alipoingia aliinua kitambaa kilichofunika meza ya kukatia, akapitisha kidole kwenye alama za chaki. Vifungo vyeusi. Wa tatu alikuwa inspekta mnene kutoka kitabu cha Dar es Salaam. Hakutazama chochote. Alikaa tu katikati yao akawa anatabasamu, na huyo ndiye aliyewachosha zaidi. Vifungo vyeusi tena. Mama muuza chai wa jirani aliwapelekea chai wote watatu. Mvua za Novemba ziliwanyeshea, wakavimba kidogo pembeni, kama vitabu vinavyovimba, lakini hawakuondoka.

Ndani ya karakana watu walianza kushona na vipande vya nguo juu ya magoti. Kulikuwa na joto, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa nini amejifunika. Swafiya akiinua macho kutoka kitabuni, nyuso zote zilikuwa chini. Mukandayisenga alimwekea sukari nyingi kwenye chai, kijiko juu ya kijiko, mpaka haikunyweka.

"Mama, unanipa chai ao uji?" Swafiya alimwuliza.

"Kunywa tu, mwanangu. Umekonda."

Swafiya alikunywa. Alikuwa na haja moja tu: kitabu kimoja kichaguliwe, chochote kile. Konseye, yaani diwani wa mtaa, alikuwa mteja wa Twahiru na hakukosa alasiri hata moja, kwa sababu alipenda hadithi za wizi. Mpelelezi aliyechaguliwa angeuliza, wangejibu, na mwisho wa kitabu angemtaja mwizi mbele ya konseye. Konseye alikuwa amesema wazi kwamba akisikia jina kwa masikio yake atalipeleka parokè, kwa mwendesha mashtaka, siku hiyo hiyo, na Niyonzima atatoka.

Twahiru angeweza kusimamisha usomaji, lakini wateja wangeuliza sababu. Siku moja alileta kitabu cha ufugaji wa kuku. Swafiya alisoma ukurasa wa kwanza, unaohusu banda. Hakuna aliyetoka, na mafundi walipumua.

"Fundi," konseye alisema, "mimi nimeacha kazi ya serikali inje nikuje kusikia habari ya kuku?"

Wateja walicheka. Twahiru alicheka pia, akakiweka kitabu chini ya cherehani.

Ndipo Munyaneza alipoleta kitabu cha nne. Alikipata sokoni kwa muuza karanga. Kilikuwa na jalada zuri, picha ya mwanamume mwenye kofia na taa mkononi. Swafiya alikipokea, akakigeuza, akakipima kwa kiganja.

"Hiki hakina mwisho," alisema.

"Kinakosa kurasa ngapi?" Twahiru aliuliza.

"Sijui. Zimefungiwa karanga."

Munyaneza alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Tundu la sindano lilimkataa mara kadhaa.

"Iko kitabu nzuri tu," alisema. "Mwisho tutaona mbele."

Swafiya alisoma ukurasa wa kwanza. Mpelelezi alitoka taratibu, akavua kofia, akawasalimu wote kwa zamu, wakubwa kwanza. Alikuwa nadhifu kuliko watatu wale. Koti lake halikuwa na kasoro, na Munyaneza hakupata la kumwambia. Mkebe ulizungushwa. Ulipomwagwa mezani, vifungo vilikuwa vyeupe vyote. Cha Mukandayisenga kilijulikana kwa sababu kilikuwa kikubwa, cha koti la baridi. Kilikuwa cheupe.

Swafiya alikitazama kifungo kile, kisha akamtazama mwenyewe. Mukandayisenga alikuwa anatafuta kitu sakafuni.

Wale watatu wa kwenye benchi walisikia. Walinyanyuka, wakarudisha vikombe kwa mama muuza chai, wakashuka kichochoro kwa miguu. Inspekta mnene alisimama kwenye kona akageuka mara moja. Kisha akaenda.

Mpelelezi wa kitabu kisicho na mwisho alifanya kazi vizuri. Swafiya akisoma, yeye aliuliza, na kwa kuwa alikuwa amechaguliwa, walimjibu. Aliuliza nani alikata. Twahiru akasema ni yeye. Aliuliza sare moja ya mtoto inahitaji kitambaa kiasi gani, akapima mezani mwenyewe. Alichukua suruali nyeusi ya Munyaneza, akachana mshono kwa wembe, akaonyesha kaki iliyolala ndani. Konseye alisogeza kiti chake mbele. Mafundi walijibu kila swali bila uongo na bila kuinua uso.

Siku ya mwisho mpelelezi aliwakusanya wote kuizunguka meza ya kukatia, kama wafanyavyo wa kazi yake. Swafiya alisimama akasoma. Mpelelezi alieleza kila kitu: sare zilizopasuka, haki ya mkasi, rangi nyeusi, suruali ya mpiga pasi. Alieleza vizuri. Aliweka mkono mezani akasema:

"Kwa hiyo aliyechukua kaki hii si mwingine, ni"

Hapo kurasa ziliisha. Mpelelezi alibaki na mdomo wazi. Watu walisubiri. Alijaribu tena, midomo ikacheza, sauti haikutoka. Alimtazama Swafiya kama mtu anayeomba maji. Kisha akavaa kofia yake.

"Mimi naweza kumalizia," Swafiya alisema.

"Kitabu haikuandika, mama," Twahiru alisema kwa sauti ndogo.

Alimalizia hata hivyo. Alimtaja Twahiru aliyekata. Alimtaja Munyaneza aliyetoa habari ya ufunguo. Aliwataja waliobaki mmoja mmoja, na suruali ya kila mmoja, na sketi ya Mukandayisenga. Hakupandisha sauti. Alisoma majina yao kama alivyokuwa akiwasomea kila alasiri. Hakuna aliyekana. Mmoja aliendelea kushona pindo mpaka akagundua amelishonea kwenye suruali aliyovaa.

Konseye alikuna shingo.

"Mama Swafiya," alisema, "kama yule bwana angesema, ningeandika. Lakini wewe ni mke wake. Bibi wa mufungwa atasema nini ingine?"

"Umesikia lakini."

"Nimesikia." Alitazama viatu vyake. "Suruali yangu iko tayari, Fundi?"

Ilikuwa tayari. Twahiru alimkunjia kwenye karatasi. Swafiya alikiacha kitabu mezani, akachukua kanga yake, akatoka. Munyaneza aliomba apewe uzi mweusi.

Kesho yake alasiri mpelelezi alirudi, akavua kofia, akawasalimu wote kwa zamu, wakubwa kwanza, akauliza nani alikata. Twahiru akasema ni yeye. Ikawa hivyo kila siku. Wateja wapya walidhani ni jamaa wa fundi, mwenye maswali mengi. Akifika kwenye ile "ni" alinyamaza, akavaa kofia, akatoka, na mafundi walifunga kazi.

Niyonzima alikaa ndani miaka minne. Mama yake alizikwa bila yeye. Alitoka na kifua kibovu, na moshi wa mkaa ukawa haumfai, kwa hiyo kazi ya pasi iliisha. Nyumba ya Biryogo iliwatoka mikononi, wakahamia chumba cha mtu huko Kagarama. Swafiya hakusoma tena kwa sauti, hata barua. Binti yao mkubwa aliacha shule akauze mboga. Mdogo, aliyekuwa anatambaa baba yake alipochukuliwa, alimkuta mlangoni siku ile aliyorudi, akamletea kiti kama mgeni yeyote, akamwambia akae, mama yuko kisimani, atakuja.