Wasia wa Viini Vinne

Zaidi alikufa katikati ya ubishi, na aliyekuwa akibishana naye ni mkewe, Mwajabu. Hawakuwa wakigombana, isije ikadhaniwa vibaya. Walikuwa wakibishana kuhusu kompyuta, kama walivyobishana karibu kila jioni tangu ile ya kwanza iungue, na homa ilipompanda Zaidi wakauweka ubishi pembeni mpaka apone. Hakupona. Siku ya nne alipelekwa hospitali, siku ya sita akarudishwa Kibiti akiwa maiti, na Mwajabu akaingia eda.

Chumba cha gemu walichokuwa wakikiendesha kilikuwa mbele ya nyumba ya mama yake Zaidi, mlango wake ukitazama barabara kuu. Mwaka huo wa 2009 hapakuwa na kitu ambacho mtu angekosa kukinunua Kibiti, akitaka redio, akitaka pikipiki, akitaka simu yenye laini mbili. Lakini mahali pa kucheza mpira kwenye kompyuta palikuwa hapo tu. Televisheni moja, kompyuta moja, pedi mbili za kuchezea, mabenchi matatu, na jenereta nyuma ya ukuta likilalamika kutwa nzima. Mshindi alibaki kwenye kiti, aliyefungwa alimpisha mwingine. Vijana walikuja kutoka Ruaruke kwa baiskeli, wakafungwa mabao saba na watoto wa stendi, na kesho yake wakarudi tena kufungwa.

Watu walikiita chumba cha Zaidi, lakini asubuhi Zaidi alikuwa shambani, na aliyekaa chumbani ni Mwajabu. Yeye ndiye aliyefungua kiboksi cha kompyuta na kupangusa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi. Yeye ndiye aliyejua, kwa kusikia feni tu, kwamba mashine imepata joto na inahitaji kupumzika. Alikulia Mbwera, kwenye visiwa vya delta, akilima mpunga na kaka zake, na alikuwa hana hamu hata chembe ya kurudi huko kuinama matopeni. Kazi ya chumba kile aliipenda. Alisema wazi kwa yeyote aliyemuuliza, na kwa wengine ambao hawakumuuliza.

Kisha siku moja jenereta likapandisha umeme ghafla, kompyuta ikatoa moshi, na mambo yakaishia hapo.

Mume na mke wakapanda basi hadi Kariakoo, kwa Bushiri, fundi kijana wa Ikwiriri aliyefungua duka la kompyuta mjini. Bushiri akawaonyesha prosesa mbili zilizokuwa zinakaribiana bei. Prosesa, aliwaambia, ndiyo inayofanya hesabu zote za mashine, na ndani yake mna viini, kila kiini ni mfanyakazi anayejitegemea. Hii ina viini viwili, lakini kila kimoja kina mwendo wa gigahezi tatu. Hii nyingine ina viini vinne, ila mwendo wake ni gigahezi mbili na kidogo.

"Vinne," alisema Zaidi, kabla Bushiri hajameza mate.

Mwajabu akaomba waone kwanza. Bushiri akaiwasha mashine ya viini vinne, akafungua gemu ile ile ya mpira waliyoizoea, halafu pembeni akafungua dirisha linaloonyesha kila kiini kinafanya nini. Mistari minne ikaonekana. Miwili ilikuwa imepanda juu kabisa. Miwili ilikuwa imelala chini. Mchezo ulipochanganya golini, picha ikakwama, ikasogea, ikakwama tena, na ile mistari miwili ya chini haikutikisika.

"Unaona?" alisema Mwajabu. "Wawili wanakufa kwa kazi, wawili wamelala."

"Wamepumzika," alisema Zaidi. "Zikija gemu za mwaka kesho, wataamka."

"Wateja wangu hawaji mwaka kesho. Wanakuja leo."

Bushiri, ambaye alitaka kuuza na hakutaka kuingia kati ya mtu na mkewe, aliwaambia wote wawili wana sababu. Wakarudi Kibiti mikono mitupu, wakabishana njia nzima mpaka abiria wa kiti cha nyuma akawauliza kama hizo prosesa zinaliwa. Zaidi alikuwa mkaidi wa kutupwa, lakini ukaidi wake ulikuwa wa kucheka, na Mwajabu hakuwa amewahi kuchoka kubishana naye.

Kitandani kwenye homa, Zaidi alimwita kaka yake Seleman. Akamwambia mambo ya shamba, na mambo ya mama, na mwisho akasema, "Na ile kompyuta, kaka, nunua ya viini vinne." Labda alikuwa anatania. Mwajabu, aliyekuwa pembeni na kitambaa cha maji, alimwona akimtupia jicho na kutabasamu. Seleman hakuliona tabasamu. Seleman alisikia wasia.

Sasa, eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na mama yake Zaidi, Bi Mwanawetu, hakuwa mtu wa kupunguza hata saa moja. Nyumbani kwake mjane alikaa ndani, akavaa shuka nyeupe, na sauti yake haikusikika na mwanamume ambaye si wa kwao. Suala la simu lililetwa na kujadiliwa na kina mama waliokuja kumliwaza mfiwa. Wengine walisema simu si mwanamume. Wengine walisema anayeongea ndani ya simu ni mwanamume, kwa hiyo ni yale yale. Hawakufikia mwafaka, na Bi Mwanawetu akaamua kwamba neno lolote la Mwajabu kwenda kwa wanaume litapita kwake.

Chumba chake cha eda kilipakana na chumba cha gemu. Miezi mitatu alikaa akisikiliza kimya cha upande wa pili, na kile kimya kilimuuma kuliko alivyotarajia.

Mwezi wa tatu wa eda Seleman alisimama nje ya pazia, akazungumza na mama yake kwa sauti ya kutosha ili shemeji naye asikie. Mtu mmoja anayeuza vipuri vya pikipiki alikuwa anakitaka chumba. Yeye Seleman hakuwa na ubaya na mtu. Shemeji ana fedha zake za ufuta, zile walizorudi nazo kutoka Kariakoo, kama anataka kompyuta basi inunuliwe, chumba kiendelee. Lakini hadi atakapotoka eda kiwe kinafanya kazi na kina wateja. Kisipokuwa na wateja atapewa mtu wa vipuri, na shemeji atapelekwa kwa kaka zake Mbwera kwa heshima zote.

"Na itakuwa ya viini vinne," alimalizia. "Marehemu aliusia."

"Mwambie, mama," alisema Mwajabu kwa sauti ya chini, "mie nataka ya viwili. Ile ya vinne itakwama."

Bi Mwanawetu akatoka, akarudi. "Anasema shambani kwao Ruaruke majembe manne yanamaliza kabla ya majembe mawili."

"Mwambie hili si shamba."

Bi Mwanawetu hakwenda kumwambia. Alikaa kwenye kigoda akakunja mikono. "Mwanangu aliusia," alisema. "Maneno ya mtu anayeondoka hayabishiwi, Mwajabu." Ndiyo yalikuwa mazungumzo, na yalirudiwa hivyo hivyo wiki nzima. Mwajabu akaanza kuota yuko kwenye tope la Mbwera hadi magotini, na huko mbali vijana wanashangilia bao.

Jumamosi Seleman alikwenda Kariakoo na fedha za ufuta. Baada ya sala ya alasiri simu ya Bi Mwanawetu ikaita. Aliiweka sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu, akasema "Subiri hapo hapo," akaishusha mapajani pake bila kuikata.

"Kuna jambo," alisema. "Fundi anasema fedha ulizompa zinanunua ya viini vinne, lakini bila kadi ya picha. Au zinanunua ya viini viwili pamoja na kadi yake. Vyote kwa pamoja hazifiki. Seleman yuko tayari kuchukua ya vinne."

Bila kadi ya picha! Mwajabu alijua maana yake, kwani kadi hiyo ndiyo inayochora picha za gemu. Wachezaji watatembea kama wamefungwa magogo miguuni, vijana watakuja siku moja, watazomea, wataondoka, na mtu wa vipuri ataingia na makopo yake ya oili.

Bi Mwanawetu alikuwa akimtazama. Alionekana amechoka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba hakuonekana kuwa na uhakika.

"Usiku ule wa hospitali ulikuwa naye peke yako," alisema. "Mie sikuwepo, Seleman hakuwepo. Alisema kitu kingine kuhusu hii mashine? Alibadili? Kama alibadili niambie, nimwambie Seleman, yaishe."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mwajabu alikuwa na haja ya kusema neno moja tu, ndiyo, na hakuna kiumbe duniani ambaye angempinga. Seleman angeridhika, mama angeridhika, chumba kingekuwa chake. Neno lilifika hadi kwenye ulimi. Lakini alimwona Zaidi akiwa pale kitandani, midomo imekauka, na akajua kwamba akilisema, basi amemfanya mumewe akubali jambo ambalo hakulikubali hata siku moja. Zaidi wa kukubali upesi hakuwa Zaidi aliyemwoa.

"Hakubadili, mama," alisema. "Mpaka anakata kauli alitaka vinne. Mie ndiye ninayetaka viwili."

Simu ilikuwa ikitoa sauti ndogo ya Seleman, "Haloo? Mama? Haloo?"

"Kwa nini?" aliuliza Bi Mwanawetu. Hakuuliza kwa hasira.

"Kwa sababu gemu hii ni kinu kimoja. Kinu kimoja wanatwanga wawili, wanapokezana, na wakiwa wepesi mchele unatoka upesi. Ukileta wengine wawili watasimama pembeni na michi yao. Niliwaona kwa macho yangu Kariakoo, wamesimama. Zaidi naye aliwaona. Alisema wataamka mwaka kesho."

"Mbona siku zote hizi hukuniambia hivi?"

"Hukuniuliza, mama. Ulikuwa unaniambia."

Bi Mwanawetu alimkodolea macho. Kisha akampa simu.

"Sema nao mwenyewe," alisema. "Kina mama wakiuliza, nitajua la kuwajibu."

Mwajabu aliishika kwa mikono miwili. "Shemeji," alisema, "chukua ya viini viwili, ile ya gigahezi tatu, na kadi ya picha. Mwambie Bushiri aifungue gemu hapo hapo uione kabla hujalipa."

Kelele za Kariakoo zikasikika nyuma. Miezi mitatu Seleman hakuwa amesikia sauti ile. "Na wasia, shemeji?" aliuliza taratibu. "Nitamwambia nini ndugu yangu?"

Swali lilimchoma Mwajabu, maana lilikuwa lake pia. Bi Mwanawetu, aliyelisikia pia, akampokonya simu.

"Seleman! Huyo aliyeusia nilimzaa mimi, na ubishi huo aliutoa kwangu. Nunua viwili." Akakata.

Jumanne mashine ikafungwa kwenye chumba cha gemu. Mwajabu alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akasikiliza. Jenereta likapiga chafya mara mbili, likashika. Mabenchi yakaburutwa. Akamsikia Seleman akiwaambia vijana wasiguse nyaya, akasikia muziki wa gemu ukianza, kisha filimbi. Alingoja pale ambapo mchezo huchanganya, kona inapopigwa na watu wote wamejazana golini. Kona ikapigwa.

"Oyaa, inateleza kinoma!" mtu alipiga kelele. "Mwanangu, haikwami hata kidogo!"

Bao likaingia. Ukuta ukatikisika kwa miguu ya vijana. Baada ya muda Seleman akaja nje ya pazia, akakohoa. "Shemeji," alisema, "foleni imefika barabarani. Yule wa vipuri nitamwambia atafute kwingine. Ulikuwa sahihi." Akaondoka haraka, kama mtu aliyemaliza kubeba mzigo.

Bi Mwanawetu alipoingia na uji alimkuta mkwewe analia. Hakuwa amemwona akilia hivyo tangu siku ya maziko.

"Kuna nini tena? Imeharibika?"

"Haijaharibika, mama. Inakwenda vizuri sana."

"Sasa unalilia nini?"

"Nimeshinda," alisema Mwajabu. "Nimeshinda, naye hayupo. Angekuwepo asingekubali. Angesimama hapo mlangoni aseme ngoja gemu za mwaka kesho, utaona, utakuja kuniomba radhi. Hakuna wa kuniambia hivyo."

Bi Mwanawetu aliweka bakuli la uji chini. Akaketi mkekani, bega kwa bega naye, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akanyoosha miguu yake yenye maumivu. Upande wa pili mtu alikuwa amefungwa la tatu na anadai mechi ianze upya.

"Kwani mwanangu alikosea nini?" alisema hatimaye, na akaifanya sauti yake kavu, ya mtu anayetafuta shari. "Zikija hizo gemu za mwaka kesho, zinazotaka wanne kwenye kinu, hiyo yako ya viwili utaipeleka wapi? Hebu nieleze. Maana naona unajisifu tu."

Mwajabu akamtazama. Akafuta machozi kwa upindo wa shuka, akakaa sawasawa, akaanza kumjibu.